Mtihani wa Jumatatu

Swali lenyewe lilikuwa jepesi kulisoma: hili hapa jedwali la nambari, hesabu ni mara ngapi safu mlalo inafanana kabisa na safu wima. Lilikuwa la mazoezi. Mtihani wenyewe wa kuombea kazi ya kuandika programu ulipangwa Jumatatu, siku ile ile niliyokuwa nimemwahidi mama kumpeleka hospitali ya Kericho, maana tumbo lilikuwa linamsumbua. Nilikuwa nimekaa nyumbani Kipkelion na digrii yangu miaka mitatu.

Programu yangu ilikuwa inachukua kila safu mlalo na kuilinganisha na kila safu wima. Jedwali dogo, sawa. Jedwali kubwa, muda unaisha. Mimi ni mbishi, kwa hivyo Jumamosi nzima niliilaumu kompyuta. Mama, amejilaza kwenye kochi, akauliza ni nini kinaninunisha. Nikamweleza juu juu, ili anyamaze.

Yeye ndiye aliyekuwa akirudisha vyombo vya watu baada ya harusi za kanisa, na kila nyumba hupaka sufuria zake alama ya rangi chini. Akaniuliza kama nimewahi kumwona akizungusha sufuria moja nyumba hadi nyumba. Yeye huandika kwanza kila alama na jina la mwenyewe. Sufuria ikija, anaangalia alama, basi.

Nikaivuta kompyuta. Hiyo ndiyo hash map, orodha ya kutafutia kwa alama: andika kila safu mlalo mara moja pamoja na idadi yake, kisha kila safu wima iulize mara moja tu. Jibu lilikuja papo hapo. Nikamkumbatia mama kwa nguvu, akaguna kwa maumivu, nami nikacheka.

Jumapili nikamwomba tusogeze hospitali hadi Jumatano.

“Maliza hiyo kitu yako kwanza,” akasema. “Mimi niko.”

Mtihani ulileta swali la aina hiyo hiyo. Nikapita. Jumanne mchana tumbo lilimfura, tukamkimbiza hospitali, na Jumatano asubuhi akaaga dunia. Daktari alisema utumbo ulikuwa umepasuka.

Barua ya kazi ilinikuta katikati ya waombolezaji. Shangazi aliisoma kwa sauti, wakapiga makofi, wakasema Mungu ametufuta machozi. Niliwachukia wote.

Daktari yule bado namwona mjini. Sijawahi kumuuliza kama Jumatatu tungemwahi mama. Nikimwona kwa mbali, navuka barabara.