Kiti cha Miguu Saba

Nilikwenda Arusha kwa sababu mwenye duka la picha ninapofanya kazi hapa Tanga alishikwa na homa, na Mjerumani aliyemwita hakuwa mtu wa kungoja. "Nenda wewe," aliniambia. "Utapiga picha vitu vilivyotulia, havipepesi hata jicho. Hata wewe huwezi kuharibu." Nikafunga kamera, vioo vya picha na dawa za kusafishia, nikaenda kituoni nimevimba kichwa.

Gari moshi lilinifikisha Moshi. Kutoka hapo ni miguu tu, siku tatu, pamoja na wapagazi wawili walioapa kwamba kila mto tuliouvuka ulikuwa wa mwisho. Waongo wakubwa! Usiku tuliolala njiani pale Usa, baridi ilinitoa machozi. Nilipewa ndizi zilizopikwa na nyama, nikasema hicho si chakula cha mtu wa pwani, kisha nikaomba sahani ya pili.

Siku ya nne asubuhi tuliingia Arusha. Boma jeupe, maduka machache ya Wahindi, na matope. Ati mji! Mlima Meru wenyewe ulikuwa umejifunika mawingu, wala sikuulaumu. Mjerumani wangu aliishi ng'ambo ya mto. Alikuwa mnene, na ndevu zake zilikuwa upande mmoja tu. Chumba chake kikubwa alikiita makumbusho. Humo mlikuwa na ngao zilizopakwa rangi, vibuyu vyenye shanga, viti na ngozi za mbega, na kila kitu kimefungwa kikaratasi chenye namba.

"Baruti ya mwanga marufuku!" alinifokea kabla sijamwamkia.

Mpishi wake Hamisi, Mnyamwezi mwenye maneno mengi, alinieleza jikoni. Bwana aliwahi kuiwasha baruti hiyo mwenyewe ili apige picha, zikaungua ngozi mbili na ndevu za kushoto.

Basi tukapiga picha bila baruti. Hamisi alisimama uani na kioo cha kunyolea, akaurusha mwanga wa jua kupitia dirishani. Mimi nilifungua kamera, tukangoja robo saa nzima kwa picha moja. Sakafu ilikuwa ya mbao na Bwana akipumua tu ilitikisika, kwa hiyo alikaa barazani na kahawa na saa yake mpaka muda uishe. Katika robo saa hiyo mtu akipita mbele ya kamera haonekani kwenye picha. Kinachoonekana ni kilichokaa.

Siku ya pili akaja bibi mmoja wa Akeri, Mmeru, aliyekuwa akimletea Hamisi ndizi. Alichungulia mlangoni, akatua kikapu.

"Mwanangu, hicho kiti cha miguu mitatu ni cha ukoo wetu," aliniambia. "Askari walikichukua walipochoma nyumba."

Akanieleza kwamba kwao binti haozwi mpaka mkubwa wa ukoo akalie kiti hicho, ambariki kwa mbege, pombe yao ya ndizi. Binti yake wa mwisho alikuwa akingoja mwaka wa pili. "Watu wa mume wamechoka. Wamesema Jumapili ikipita, wanatafuta kwingine. Mwombe bwana wako anipe siku moja tu, nitakirudisha."

Bwana alitusikia, akaingia na daftari lake. Kiswahili alikijua, cha kuamrisha. "Hapana! Hiki kiti cha mchawi. Mimi nimeandika."

"Mume wangu alikikalia," alisema bibi. "Hakuwa mchawi."

"Wewe hujui. Jumamosi kinakwenda Ulaya. Toka!"

Loo! Mtu amekuja juzi, anamfundisha mwenye kiti habari za kiti chake! Nami niliyekuja nikiwacheka watu wa mlimani, nilimtazama yule mnene na ndevu zake nusu, damu ikanichemka.

Kesho yake ilikuwa zamu ya kiti. Mimi, Hamisi na bibi tulikuwa tumeshapatana jikoni, na tulijua tukikamatwa ni viboko ishirini na tano kila mmoja. Bwana alikwenda barazani kwenye kahawa yake. Nusu ya muda ilipofika nilikinyanyua kiti, nikampa bibi aliyekuwa mlango wa nyuma, akakifunika kwa ndizi kikapuni akaenda zake. Mahali pake nikaweka kiti cha Hamisi, chenye miguu minne, alichokuwa akikatia vitunguu. Nikakifunga kikaratasi cha namba.

Mchana nilisafisha picha, nikataka kuzimia. Kwa haraka nilikuwa nimeiacha kamera wazi nilipobadilisha, na sasa viti viwili vilikuwa vimepandana kama ukungu, na miguu ilihesabika saba. Bwana akaichukua, akaitazama kwa lenzi ya mkononi. Akaenda mezani, akahesabu miguu ya kiti: minne. Akarudi kwenye picha. Akahesabu tena.

"Mjinga wewe!" akafoka. "Umevunja miguu mitatu!"

Wallahi, nilitazama chini nisicheke. Akasema picha haidanganyi. Akamwita seremala, akamwonyesha picha, na jioni kiti cha vitunguu kilikuwa na miguu saba, kinanuka gundi. Jumamosi kilifungwa sandukuni. Kule Ulaya sasa wanakizunguka, mikono nyuma, wanamshangaa mchawi wa Meru. Washangae!

Jumapili, nikiwa njiani kurudi, nilipanda Akeri. Walinikalisha pamoja na wakubwa, wakanipa mbege. Mzee wa ukoo alikaa kwenye kiti kile, binti akapiga magoti mbele yake, na mama yake akalia kwa sauti bila kuona haya. Nilikuwa na kioo kimoja cha picha kilichobaki. Nikaanza kuitoa kamera.

Bibi akaushika mkono wangu. "Mwanangu, picha hiyo ataiona nani?"

Nikafikiri. Ataiona mwenye duka, wataiona wateja wake, na siku moja ataiona mnene mwingine, aulize kiti hiki kiko wapi. Nikairudisha kamera sandukuni.

Kwa hiyo mnaotaka picha ya harusi ile, sina. Nilizokuwa nazo nimempa Mjerumani aliyezilipia: arobaini na kitu, zimetulia, safi kabisa, nilizipiga kwa ufundi wangu wote. Kila moja ni ngao ya mtu au kibuyu cha mtu, na ukiondoa bibi wa Akeri, aliyekuja kusema mwenyewe, hakuna hata mwenye kitu mmoja niliyemuuliza kama anaridhia.