Shimo la Gesti ya Mirongo

Kwa miaka ishirini na miwili Obedi Luhende alinyonya mashimo ya vyoo ya Mwanza, na katika muda wote huo hakuna mteja aliyempigia simu kumjulia hali. Walimpigia choo kikifurika. Alikuwa dereva wa gari la majitaka, mnene na mwenye maneno, na alijigamba kwamba hakuna padri wala mwenyekiti wa mtaa anayewajua watu kama yeye. Shimo lilimweleza yote: nyumba ipi inakula nyama kila siku, ipi ina wageni wasiotaka kuondoka, nani anafunga Kwaresima na nani anaitangaza tu.

Asubuhi moja alifuatwa na Dokta Winnie, mtafiti kijana wa maabara, aliyebeba boksi la barafu lenye chupa tupu.

"Shikamoo, mzee. Naomba unichotee majitaka, kila shimo na chupa yake."

"Marahaba. Ya nini?"

"Natafuta dawa."

Obedi alimtazama kutoka viatu hadi miwani. "Daktari, kama humo mna dawa, mbona mimi bado nina presha na kitambi?"

Winnie alicheka, kisha akamweleza. Kuna bakteria wasiosikia tena dawa, kwa sababu watu wamewazoesha: mtu anameza vidonge viwili, akipata nafuu anaacha. Lakini bakteria nao wana adui, virusi wadogo mno wanaoingia ndani yao, wakazaliana humo na kuwapasua. Binadamu hawamgusi. Nao hupatikana pale bakteria walipojazana.

"Yaani kwangu," alisema Obedi.

"Kwako kabisa."

Wakaanza kazi. Obedi alichagua mashimo kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Alimpa la shule, la machinjio, la nyumba ya mheshimiwa fulani ambalo alisema limejaa kiburi. Chupa kumi na moja zikapita bila virusi waliotafutwa. Winnie alianza kununa; Obedi alianza kuona aibu, kana kwamba wateja wake wamemwangusha.

Wakati huohuo Gangaben alikuwa anaoza taratibu. Huyu alikuwa mjane wa miaka sabini na moja, mwenye duka la vitambaa, na Obedi alikuwa akimnyonyea shimo tangu mumewe yu hai. Nyumbani alikuwa na kopo la biskuti lililojaa vidonge vilivyobaki, na kila aliyepiga chafya mbele yake, Obedi akiwemo, alipewa viwili. Vingine alimeza mwenyewe, kwa mafua, kwa uchovu, kwa hasira. Alipovunjika nyonga akapasuliwa, kidonda kikakataa kufunga. Mwaka mmoja na nusu kilitoa usaha, na kila dawa waliyomchoma ilipita kama maji.

"Usaha wake wameupeleka kwa yule daktari wako wa chupa," mwanawe Hiren alimwambia Obedi siku alipokuja kunyonya. "Ikishindikana, watakata mguu."

Obedi alimaliza kazi bila mzaha hata mmoja. Toka hapo aliendesha gari moja kwa moja hadi nyuma ya soko la Mirongo, kwenye gesti ambayo vyumba vyake hukodishwa kwa saa. Shimo la pale lilipokea watu wa kila kabila, kila dini na kila ugonjwa. Akajaza chupa ya kumi na mbili.

Baada ya siku tatu Winnie alimwita maabara. Kwenye kisahani bakteria wa Gangaben walikuwa wametanda kama ukungu, na katikati ya ukungu huo palikuwa na vitundu safi, kama kanga iliyoliwa na nondo.

"Hao ni virusi wa gesti," Winnie alisema. "Wamekula."

Obedi alikiinamia kisahani muda mrefu. Kazi yake siku zote ilikuwa kuondoa vitu watu wasivione. Akasema, "Wana njaa."

Ilichukua miezi minne kuwasafisha virusi hao, kuwapima na kupata kibali, na madaktari waliwatumia pamoja na dawa ya kawaida. Wiki ya tatu usaha ulikata. Wiki ya tisa kidonda kilifunga.

Hiren alikuwa amemwambia mama yake ni dawa ya maabara, basi. Lakini mama alishanusa uongo, akamsubiri Obedi barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Obedi, wewe hujawahi kunidanganya. Dawa yangu imetoka wapi?"

Obedi aliangalia geti. "Chooni, mama. Waliisafisha sana, lakini asili yake ni chooni."

Gangaben, ambaye kwa dini yake hali hata yai, alifumba macho. Kisha akauliza, "Choo cha Pradip?" Pradip alikuwa jirani yake, na walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya ugomvi wa ukuta.

"Hapana. Cha gesti ya nyuma ya soko."

"Afadhali," alisema Gangaben. "Pradip angenisimanga mpaka nife."

Sasa anatembea kwa fimbo, na kina mama wa hekaluni anawaambia kapona kwa maombi.

Haikwenda hivyo kwa kila mtu. Fundi seremala mmoja wa Usagara alipewa virusi walewale; bakteria wake walikuwa wa aina nyingine, hawakuguswa, akapoteza vidole viwili vya mguu. Obedi alienda kumpa pole, na aliporudi hakula. Kesho yake yeye mwenyewe alimpigia Winnie, akavuka daraja la ziwa hadi Busisi na chupa ishirini kutafuta virusi wengine, akatumia asubuhi nzima kumbembeleza mama ntilie mmoja amfungulie shimo, huku mama akisisitiza kwamba choo chake hakina ugonjwa wowote.

"Ndiyo shida, mama," Obedi alimwambia akivaa glavu. "Naomba kiwe nao."