Jumapili Niliyomsimamisha Hansa

Naikumbuka Jumapili moja ya Kariakoo, mwanangu, na nikiikumbuka hasira bado hunipanda. Nilikuwa kijana, nimerudi kutoka ng'ambo na cheti cha umisionari, nimetumwa kuanzisha ushirika wa kanisa, kutafuta viongozi na kuwafundisha. Tulikuwa tukisali kwenye chumba cha ghorofani, mtaa wa maduka ya vitambaa.

Chini yetu aliuza vitenge mshirika wetu Mama Aika, Mchaga kutoka Machame. Duka la jirani lilikuwa la familia ya Kihindu, na humo aliishi Hansa, mjane, pamoja na shemeji zake. Alipofiwa na mwanawe wa pekee, Hansa alianza kupanda ngazi kimyakimya kuja ibadani. Huketi nyuma karibu na Mama Aika, hulia, huondoka. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Mimi nilishindwa kunyamaza. Jumapili hiyo walikuja wageni kutoka kanisa lililonituma, nami nilitaka waone matunda. Nikamwita Hansa mbele.

"Dada yetu huyu ameacha miungu ya baba zake!" nikatangaza.

Vigelegele! Hansa hakuwahi kusema hivyo. Alisimama akitazama sakafu. Ulimi hauna mfupa, mwanangu.

Kesho yake shemeji zake walikuwa wamekwishasikia. Kabla wiki haijaisha wakampeleka kwa ndugu zao Tanga, na Mama Aika akakatazwa kumtafuta.

Mama Aika alinikuta ngazini. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Miaka sita nakunywa chai na yule mama," alisema. "Msibani nilikaa naye. Wewe unalijua jina la mtoto wake aliyekufa?"

Sikulijua.

"Basi umemtumia tu, ili wageni wako wafurahi."

Nilikwenda kumwomba radhi shemeji mkubwa. Alinisikiliza huku akikunja khanga, asinitazame. "Nimesikia," akasema. "Nenda."

Tena kuna aibu nyingine. Mama Aika nilikuwa nimemkatalia darasa la viongozi kwa sababu aliishia darasa la nne! Kiongozi niliyetumwa kumtafuta alikuwa akiuza vitenge chini ya miguu yangu. Nikamwomba afundishe yeye, mimi nikaketi na wanafunzi. Hansa alirudi baada ya miaka miwili, akaendelea kunywa chai na rafiki yake. Mimi hakunisalimia tena, na ilikuwa haki yake.

Sasa nawaona ninyi vijana, simu mkononi, mnampiga video mama wa watu akilia kwenye maombi, mnairusha hata machozi hajayafuta. Nani aliwaruhusu? Maji yakimwagika hayazoleki!

Ukitumwa kwa watu wa lugha na dini nyingine, kaa nao kwanza. Kula walichopika, nenda misibani mwao. Habari ya moyo wa mtu aitamke mwenyewe, siku anayotaka. Na ukitafuta viongozi usianze na vyeti. Uliza mtaani, watu wakipatwa na shida humkimbilia nani.

Nimefoka, lakini nakupenda. Mungu akupe miguu ya kufika mbali, na kokote utakakofika akupe subira ya kusikiliza. Amina.