Tone Lililokwenda Tumboni

Mama yangu huwaambukiza panya nimonia. Majirani wakimuuliza anafanya kazi gani husema anatunza wanyama, na anayedhani ni kuku anaachwa na kuku wake.

Ana miaka kumi na tisa katika maabara ile ile, jengo la chini lililonyooka kwa urefu, lenye madirisha yasiyofunguka. Wenzake wanamwita Mama Matone. Daktari ndiye anayejua vitabu. Fundi Wembe ndiye anayepasua na kukata mapafu vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Lakini anayeingiza ugonjwa kwenye panya ni mama, na hiyo si kazi ya kila mkono.

Kwanza panya anavutishwa dawa ya usingizi. Akilegea, unamshika ngozi ya shingo, unamsimamisha wima, kichwa juu, kidevu mbele, unaweka tone puani kwa pipeti. Tone lenyewe ni dogo kuliko chozi, lakini bakteria waliomo ni wengi kuliko watu wa mji mzima. Panya hapumui kwa mdomo, kwa hiyo analivuta. Ukikosea namna ya kumshika, analimeza, na tumbo linawaua bakteria karibu wote. Anaamka, anakula, ana afya kukushinda wewe.

Likifika mapafuni, saa za mwanzo huoni kitu. Panya anazunguka, anasafisha masharubu. Kumbe ndani bakteria wanaongezeka katika vifuko vidogo vya hewa, damu inatuma askari wake, zile chembe nyeupe, na vita yao inavijaza vifuko maji na usaha. Kesho yake manyoya yamesimama, mgongo umejikunja, anapumua kwa mbavu. Mwili wake unapoa. Mtu akiugua anachemka, panya akizidiwa anapoa. Mama humpima, humwandikia alama, na aliyefika mahali pa kuteseka hulazwa usingizi wa moja kwa moja. Nusu ya kundi hupewa dawa ambayo Daktari anaijaribu. Ila kama hakuna aliyeugua, dawa haina cha kutibu, na panya wote wale wamekufa bure.

Mwaka huu bibi, mama yake mama, alipooza upande mmoja, na koo likapooza pia. Mama alichukua likizo. Muuguzi alitufundisha, yeye na mimi, namna ya kumlisha: kijiko kidogo, kidevu kishushwe kifuani, usubiri koo lipande na kushuka ndipo ulete kingine.

"Kikienda njia ya hewa," alisema, "mmempa nimonia."

Mama hakusema kwamba nimonia anaijua. Alishusha kidevu cha bibi. Miezi minne, mara sita kwa siku, kidole gumba chake nyuma ya kichwa kikisukuma taratibu. Mimi nilishika bakuli. Bibi akafa hata hivyo, asubuhi, moyo ulichoka tu. Mapafu yake yalikuwa safi.

Mama alifua mashuka, akayaanika, siku ya tisa akarudi kazini. Hakulia. Mimi pia sikulia. Nyumba ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaona upo lakini si wako.

Kundi la kwanza la panya baada ya yeye kurudi halikuugua.

"Mama Matone," Fundi Wembe akamwambia, "hawa umewapa bakteria au umewanawisha uso?"

"Bakteria wale wale."

"Basi panya wa maskini haugui!"

Mama alinisimulia hayo akivua viatu, sauti yake imenyooka kama anasoma tangazo. Kundi la pili wakaugua wawili kati ya kumi na wawili. Daktari akawapanda bakteria kwenye sahani aone kama wamekufa. Wakaota vizuri sana. Ndipo akamwita ofisini.

"Mama, miaka yote hii sijawahi kukusimamia."

"Sasa nisimamie."

"Sitaki kukusimamia. Ijumaa kuna kundi la tatu. Likikataa, matone nitampa yule dada mpya, wewe utakaa kwenye kuosha vizimba. Hufukuzwi, nisikilize vizuri."

"Nimekusikia."

Nilimuuliza atafanya nini. Akasema kuosha vizimba nako ni kazi. Lakini niliona yalivyo bila kuambiwa. Mama alikuwa binti wa mtu, na alikuwa Mama Matone. La kwanza lilikuwa limekwisha.

Jumatano jioni nilikuwa nakunja nguo jikoni.

"Nionyeshe unavyomshika," nikasema.

"Wewe nawe."

"Nionyeshe tu."

Akachukua soksi niliyoikunja, akaishika shingo, akaisimamisha. Mkono wa pili ukaja kama una pipeti. Hapo kidole gumba kikapanda nyuma ya kile kichwa cha soksi, kikasukuma. Kichwa kikainama hadi kifuani. Kisha akasubiri. Matone hayasubiriwi, yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia. Alisubiri, anaitazama soksi kooni.

"Mama."

"Nini tena?"

"Hapo unamlisha."

Hakuuliza nani. Aliiweka soksi mezani, akaichukua upya, akaanza tena polepole. Kidole kikapanda.

"Kinakwenda chenyewe," akasema. "Hata sikihisi."

Alhamisi alimweleza Daktari. Daktari akatia rangi ya bluu kwenye maji yasiyo na bakteria, akamwambia amshike panya mmoja kama kawaida. Fundi Wembe akampasua. Mapafu yalikuwa ya waridi, safi. Tumbo lilikuwa la bluu.

"Huyu umemnywesha chai," Fundi akasema, lakini hakucheka.

"Mkono umejifunza wapi hivi?" Daktari akauliza.

"Nyumbani."

Jioni ile alifunga plasta kwenye kidole gumba ili akijue kikianza safari zake. Akasimama jikoni na soksi. Kichwa juu, kidevu mbele, tone, basi. Kichwa juu, kidevu mbele, tone, basi. Mimi nilihesabu. Kidole kikipanda nilisema "gumba", anaanza upya. Mwanzoni nilisema kila mara. Kufika thelathini na kitu akasita, kichwa cha soksi kimeinuka sawasawa.

"Hivi ndivyo angekufa," akasema.

"Nani, soksi?"

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Mama alicheka kwa pua, mara moja, akaendelea. Tulifika sitini. Kumi za mwisho sikusema neno.

Ijumaa aliwashika kumi na wawili. Dawa hawakupewa, Daktari alitaka kwanza kujua kama wataugua. Mama aliporudi nilipakua chakula. Tulikula. Jumamosi alikwenda kuwapima, akarudi, akasema wamejikunja.

"Wote?"

"Subiri wapasuliwe."

Ugonjwa haujui wikiendi, kwa hiyo Jumapili alikwenda tena. Fundi Wembe alianza na yule aliyepoa zaidi. Pafu lilikuwa jekundu la kuiva, gumu kidoleni kama ini. Pafu lenye afya lina hewa, ukikata kipande ukakitia majini kinaelea. Fundi akakata kipande, akakiachia ndani ya glasi. Kikaenda chini moja kwa moja.

"Kimezama!" akapiga makofi na glovu zake. "Mama Matone karudi mjini!"

Wakapasua wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho. Daktari akachukua orodha ya kundi linalofuata, mahali pa mtu wa matone akaandika jina la mama, akasema pole kwa msiba, jambo ambalo alikuwa hajalisema.

Mama alinieleza yote hayo akiwa amesimama mlangoni, mkoba bado begani.

"Kwa hiyo kazi yako imebaki," nikasema.

"Imebaki."

"Walikuwa wangapi waliozama?"

"Kumi na wawili. Hakuna hata mmoja aliyemeza."

Akauliza kama kuna maji ya kuoga. Yalikuwepo. Nilisikia yakimwagika muda mrefu, ndoo ya kwanza, ndoo ya pili. Alipotoka macho yake yalikuwa makavu. Akaniambia kesho wanaanza ishirini na wanne, nusu wataonja dawa, nimwamshe mapema.