Nilitaka Akinyi ahamishwe desk kwa sababu ya samaki, mwiba ukaniumbua

Hamjambo wakuu. Mjukuu wangu amenifungulia account juzi, kwa hivyo mkiona makosa mlaumuni yeye. Hii story ni ya kweli, na mjinga ndani yake ni mimi.

Miaka ya hamsini nilisoma hapa Thika. Wazungu na Wahindi walikuwa na shule zao. Sisi watoto wa wafanyakazi wa viwandani tuliwekwa pamoja: Wakikuyu, Wakamba, Waluhya, Wajaluo.

Mimi nilikuwa monitor, kiongozi wa darasa. Jeuri tupu.

Nilikaa desk moja na Akinyi, msichana aliyetoka upande wa Kisumu. Lunch yake ilikuwa ugali na samaki mkavu. Kwetu Wakikuyu siku hizo hatukuwa tunakula samaki, cucu, yaani nyanya yangu, alimwita nyoka wa maji. Basi nikakusanya wasichana, tukaenda kwa mwalimu. Tukasema Akinyi ananuka, akae nyuma peke yake.

Mwalimu akasema ataamua baada ya lunch.

Nikafungua githeri yangu ya mahindi na maharagwe, imechacha. (Kina mama, msifunike githeri ikiwa moto.)

Akinyi alikuwa amesikia kila kitu. Akanisukumia samaki wake. "Kula tu, hakuna mtu anaona."

Wakuu, nilikula. Tena nilikula vile tunakula githeri, unajaza mdomo unatafuna. Nani aliniambia kuna miba?

Kengele ikalia. Mwalimu akauliza, "Monitor, bado unataka Akinyi ahame?"

Nikafungua mdomo, kikatoka kikohozi. Machozi, kamasi, kila kitu. Wasichana wangu wakapiga nduru, "Uuui, anakufa!"

Akinyi angeninyamazia tu. Badala yake alitoa tonge la ugali baridi. "Usitafune. Meza."

Mwiba ukashuka. Mwalimu akashika mkono wangu, akaunusa.

"Kumbe wanaonuka ni wawili," akasema.

Akatuhamisha nyuma sote wawili. Cheo cha monitor nacho kikaenda.

Kesho yake nilikuwa naona aibu hata kumwangalia. Akinyi akafungua chakula chake. Alikuwa amegawa samaki mara mbili, na kipande changu alikuwa amekitoa miba yote, mmoja mmoja. Nililia kuliko siku ya mwiba.

Nilichojifunza ni kwamba niliyemwita mchafu ndiye alikuwa na roho safi. Na samaki nakula mpaka leo, polepole.

Haya, mlisoma na watoto wa kila kabila pia nyinyi. Mlimtoa nani kwa desk? Msijifanye watakatifu, mimi nishajianika.