Lebo kwenye Kabati la Mama

Kabati lile nililinunua mimi. Nalisema mapema, kwa sababu wapo walioambiwa vingine. Miaka yangu ya Juba nilifunga jenereta juani, mimi na diploma yangu ya umeme, bila mjomba wa kunishika mkono wala mfadhili. Niliporudi, fundi mmoja wa Onduparaka alinitengenezea kabati la mvule lenye vioo, nikalipandisha lori kutoka Arua hadi kwa mama yangu Midia, kule Koboko. Majirani walitoka nje kulitazama.

Siku ambayo wajomba wa mchumba wangu walikuwa wanakuja kutoka Aroi, kuona kama nyumba yetu inafaa binti yao aolewe, niliingia sebuleni kwa mama nikakuta lebo katikati ya mlango wa kabati, pana kama sahani. Ilisema kwa Kiingereza: "Zawadi kutoka kwa". Chini yake, jina la shirika na picha ya mikono inayoshikana.

"Mama, hii ni nini?"

"Walileta taa ya sola, baba. Taa iko kidogo, lebo haiwezi kaa. Wakaweka taa juu ya kabati, wakabandika lebo hapo chini yake, wakapiga picha."

Taa yenyewe ilienea kiganjani. Kwa kijitaa kile wamelipiga picha jasho langu! Huko ofisini kwao kuna mtu anajisifu amempa mjane wa Midia kabati la mvule.

"Naibandua sasa hivi."

"Wacha! Watarudi kukagua. Wakikosa lebo watasema nimeuza, watachukua taa yangu."

"Nitakununulia taa kumi."

"Kumi! Na moja iko wapi?"

Mimi, fundi wa umeme. Neno lile lilinichoma, na hasira ikapanda zaidi. Nilichemsha maji, nikaloweka kitambaa, nikakikandamiza juu ya lebo. Sehemu ya chini ililegea. Jina na mikono vikachunika vipande vipande kama ganda la kiazi kilichoiva. Sehemu ya juu ikagoma. Nikapaka mafuta ya kupikia, halafu mafuta ya taa, nikasugua mpaka kucha zikauma. Gundi gani hii? Ndoo zao hupasuka kabla ya mvua ya pili, lakini lebo zao zitatuzika sote. Nikachukua kisu.

Mama akanidaka mkono. "Utakwaruza vanishi! Kabati ni langu, si lako."

Pikipiki zikanguruma uani. Hodi.

Mjomba mkubwa, mzee wa koti zito, hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati akasoma polepole. "Zawadi kutoka kwa... Kwa nani? Jina iko wapi?" Akawageukia wenzake. "Kumbe mkwe wetu analishwa na mashirika!"

Wakacheka. Nilifungua mdomo niwatajie Juba yote, jenereta moja moja. Mama akanitangulia, trei ya chai mikononi.

"Kwa huyu," alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Alitaka kuandika jina yake hapo, mimi nikakataa. Mutu mzuri hajiandiki."

Wajomba wakaangua kicheko upya, safari hii wakinipiga mgongoni, na mzee akaketi kwenye kiti kilichotazama kabati. "Mkwe anapenda sifa huyu," alisema, "lakini mama yake anakaa vizuri." Walipoondoka tulikuwa tumekubaliana siku ya kuleta mahari.

Kwa hiyo kwa watu wa Aroi mimi ndiye niliyebandika. Nilimeza, maana angalau kabati lilikuwa limerudi kwa mwenyewe.

Kesho yake nilimfungia mama umeme wa jua wa kweli, chumba kwa chumba. Wakaguzi hawajarudi mpaka leo. Hatimaye karatasi ilitoka yote, gundi ikabaki, na vumbi la Midia hunasa pale pale, umbo lile lile la lebo, pembe nne. Kila nikifika, kabla ya chai, nachukua kitambaa.

"Acha," mama husema.

Siachi.