Marahaba Iliyochelewa

Leo naweza kucheka, lakini siku ile ardhi ingepasuka ningeingia mwenyewe bila kusukumwa. Nilikuwa nimerudi kwetu Unyambwa na cheti changu cha ukutubi kutoka Dar, nasubiri kazi kwenye maktaba ya Singida mjini, na kazi hiyo niliitamani mpaka ndotoni nikawa nagonga mihuri. Barua ikaja kwamba afisa atapita kunitazama kwenye chumba cha vitabu vya elimu ya watu wazima, nilikokuwa najitolea, ndipo waamue.

Shida ni kwamba wasomaji wetu walisoma kwa sauti, wote kwa pamoja, kila mtu na ukurasa wake (mama yangu alisoma kama anayegombeza mbuzi), na mimi chuoni nimefundishwa maktaba ni kimya. Basi nikaona nisiaibike, nikaandika KIMYA kwenye ubao wa sanduku la sabuni, nikautundika ukutani, na kwa kuwa wengine walikuwa bado na silabi za mwanzo nikawaeleza kwa mdomo: afisa akiwa ndani asitoe mtu sauti, litokee litakalotokea.

"Tutanyamaza, mwanangu," akasema mzee Ntandu, msomaji wetu mkongwe kuliko wote. "Kazi hiyo uipate."

Wakanyamaza kweli. Afisa akaingia, bado kijana, mwenye adabu zake, akavua kofia. "Shikamooni, wazee wangu." Kimya. Akarudia. Wazee kumi na kitu wanamtazama tu, na kwetu shikamoo isiyojibiwa ni sawa na kufungiwa mlango usoni. Akamwinamia mama, "Shikamoo, mama," na mama (nilimwona anavyoumia, midomo inamcheza) akamwonyesha ubao kwa kidole.

"Ndugu, nimewakosea nini wazee hawa?" akaniuliza. Nilipaswa kusema kosa ni langu, jibuni jamani, lakini woga ukanishika, nikamnong'oneza kama nilivyofundishwa, "Wanasoma." Akamwomba mzee Ntandu amsomee mstari mmoja. Mzee akaupitisha kidole mstari wote, taratibu, vizuri kabisa, bila sauti. Afisa akaandika kitu kwenye daftari lake, akaaga, akatoka.

Landrova ilipowaka ndipo mama aliposhindwa kuvumilia. "Marahaba, mwanangu," akapaza sauti, na chumba kizima kikamfuata hadi nje, marahaba, marahaba, gari limeshaondoka wanaitikia vumbi.

"Vipi, umeipata?" mzee Ntandu akaniuliza.

Kazi alipewa mwingine. Yangu niliipata baada ya miaka, mkoa wa mbali, kwenye maktaba kubwa ambamo ubao wa KIMYA niliukuta umeshatundikwa, na afadhali, maana mimi nimeapa neno hilo sitaliandika tena kwa mkono wangu. Watu huinamia vitabu vyao, huwasikii hata kukohoa, nami nawakumbuka wazee wangu. Siku nyingine, msomaji wa mwisho akishatoka, nafunga mlango, nachukua kitabu chochote kilichobaki mezani, nakisoma kwa sauti kubwa, kama anayegombeza mbuzi.